Madumu Mawili

Kando ya mlango wa jiko la mama, kijijini Maji ya Chai mkoani Arusha, husimama madumu mawili ya lita 20. La bluu ni la kunywa, la njano ni la kupikia. La bluu hujazwa maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, na simtanki likikauka, mara nyingi Septemba, tunanunua kwa kijana wa bodaboda anayeyashusha kutoka vijiji vya juu. La njano hujazwa bombani, siku bomba likiamua. Sheria ya madumu haina mjadala. Mjukuu akikosea akamimina la njano kwenye jagi la kunywa, ataitwa kwa majina yake yote matatu.

Sheria hiyo ilianza nikiwa darasa la sita, baada ya watu wa maji kuja shuleni na chupa zao na mabango yao, kutuonya juu ya floridi, madini yaliyomo kwenye maji yetu ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Kwangu ilichelewa. Kwa mdogo wangu iliwahi nusu. Na kwa karibu miaka 25 niliamini kwamba dumu la bluu limeshamaliza kazi.

Mimi nina meno ya kwetu. Si mabovu kama ya baadhi ya niliosoma nao, wenye meno yaliyomeguka kama chokaa ya ukuta mzee, ila mawili ya mbele yana mistari ya kahawia inayokatiza kwa upana. Wiki ya kwanza chuoni Dar es Salaam, dada mmoja wa hosteli aliniambia, "Wewe wa Arusha." Sikuwa nimetaja mkoa wala ukoo. Nilikuwa nimecheka tu. Ukitazama picha zangu zote za miaka ile mitatu, hata ya mahafali, mdomo umefungwa kama mtu aliyekatazwa kusema.

Kinachotokea kinaelezeka kwa maneno machache. Jino la ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla hatujaliona, na mtoto akiwa anameza floridi nyingi katika miaka hiyo, gamba la nje la jino haliivi vizuri. Linatoka na madoa meupe kama chaki, kisha madoa yanashika rangi. Jino likishakamilika, maji hayaliwezi tena kwa namna hiyo. Ndiyo maana mke wa baba mdogo, aliyeolewa kwetu kutoka Lushoto akiwa mtu mzima, ana meno meupe hadi leo, na watoto wake wote wanne wana ya kahawia. Amekunywa maji yale yale kwa miaka 30. Kwake maji yameenda kwingine: asubuhi anashuka kitandani kwa hatua tatu, mkono ukutani, na shingo haigeuki bila bega. Anasema ni uzee. Pengine. Lakini floridi iliyozidi kwa miaka mingi hukaa mifupani, ikakaza viungo na mgongo, na kwa watoto wadogo hupinda miguu, kitu ambacho huku Arumeru hakuna asiyekijua kwa macho.

Kuna mzaha wa dunia hapa nisioweza kuuacha. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta watu wana meno kama yetu. Ilichukua hadi 1931 kujua kwamba kisababishi ni floridi iliyomo ndani ya maji. Katika kuchunguza wakagundua pia kwamba floridi kidogo huzuia meno kuoza, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuitia kwenye maji ya bomba makusudi. Wenzetu wanaongeza. Sisi tunatafuta pa kuitupa.

Yetu inatoka mlimani. Tunauona Meru kila asubuhi, mita 4,566, umekaa kama mzee aliyegeuka kando; ulitema majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Yapata miaka 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na tope na mawe yakafunika nchi yote ya chini. Maziwa ya Momella yamekaa juu ya kifusi hicho, na maji yake yana floridi ya mamia ya miligramu kwa lita. Maji ya mvua yakipenya kwenye miamba ya volkano ya aina hii, yenye sodiamu nyingi na kalisi kidogo, hubeba floridi bila kitu cha kuizuia njiani, kwa sababu kalisi ndiyo ingeishika na kuizamisha. Wazee hawakuwa na maabara lakini waliandika onyo lao kwenye majina. Maji ya Chai ni mto wenye rangi ya chai. Ng'ambo ya mlima kuna Ngarenanyuki, na kwa Kimaasai hayo ni maji mekundu.

Ajabu ni kwamba chemchemi mbili zinazosikilizana kwa sauti ya mtu zinaweza kutofautiana mara tano au kumi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikubali hadi 4, si kwa sababu mifupa yetu ni migumu zaidi, bali kwa sababu sehemu nyingi zisingekuwa na maji kabisa. Sasa nasi tumeshuka hadi 1.5. Kwenye karatasi.

Mimi na ndugu zangu tulichimba kisima miaka minne iliyopita. Tulichanga mwaka mzima, tukaita kampuni moja ya uchimbaji, wakaja na vijana wachangamfu na mtambo uliotikisa vikombe kabatini. Maji yalipopaa, mama alipiga vigelegele na majirani wakaja kunawa. Kampuni ikatuachia cheti kinachoonyesha kisima kinatoa lita ngapi kwa saa. Cha kuonyesha kuna nini ndani ya lita hizo hakikuwepo, na hakuna aliyekiuliza, hata mimi niliyesoma. Miezi miwili baadaye ndipo nilipobeba chupa kwenda maabara mjini. Jibu: 9.2.

Basi tukasema sawa, ya kunywa hapana, ya kupikia hapana, yatafaa kwa bustani. Nani alisema mchicha una meno?

Mama ana bustani ya robo eka nyuma ya nyumba. Mchicha, mnafu, chainizi, sukuma wiki, mstari wa nyanya akipata miche. Mpaka wa bustani ni masale aliyopanda babu. Huku kaskazini sale ni mpaka usiobishaniwa, na kwa majirani zetu Wachaga ni zaidi ya hapo, ni msamaha: ukiletewa sale na mtu aliyekukosea, kukataa kusamehe ni balaa. Masale yale yaliishi kwa mvua miaka yote. Mpira wa kisima ukapita pembeni yake, nao ulikuwa unavuja kwenye kiungo kimoja, ukilowesha mashina manne au matano.

Kiangazi cha kwanza hakikwisha kabla ncha za majani ya mashina hayo hazijaanza kukauka. Ziligeuka rangi ya tumbaku, zikawa na ukingo wa njano kati ya pakavu na pabichi, kila jani pale pale nchani, kama vidole vilivyounguzwa na mshumaa. Mashina yaliyokuwa mbali na uvujaji yalikaa kijani. Nilimpigia binamu aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba moja la maua Usa River. Akacheka. "Nyie mnamwagilia hiyo floraidi? Huo ukoo wa masale hauwezi kabisa. Sisi tukiwa na mimea ya namna hiyo tulikuwa tunapima maji kwanza." Kweli, wakulima wa maua wanajua siku nyingi kwamba jamii ya masale huungua ncha kwa floridi kidogo tu. Chumvi na ukame pia huunguza ncha, kwa hiyo sisemi majani yale yalikuwa cheti. Lakini yalinifanya nisimame.

Kwa sababu hatua mbili kutoka pale, mchicha ulikuwa umestawi. Mpana, wa kijani, umejaa maji, wa kuuzika. Na maji yalikuwa yale yale.

Nilichojifunza baadaye, kwa kusoma na kwa kuuliza watu wa kilimo, ni hiki. Mmea unavuta maji kutoka kwenye udongo kwa mizizi, unayapandisha hadi majani, kisha majani yanayaachia hewani kama mvuke. Floridi haina njia ya kuondoka na mvuke. Inafika mwisho wa safari, kwenye kingo na ncha za jani, inakaa hapo. Siku baada ya siku jani linaendelea kukusanya. Mizizi ina kizuizi chake, inaiacha nyingi nje, ndiyo maana mimea mingi haifi. Ila ile inayopenya ikishafika kwenye jani hairudi kirahisi kwenda kwenye tunda au mbegu, kwa sababu njia inayobeba sukari kwenda kwenye tunda si ile iliyopandisha maji. Kwa hiyo punje ya hindi hupata kidogo, haragwe kidogo, nyanya kidogo. Jani ndilo linalolipa. Na jani kuukuu hulipa kuliko changa, jambo ambalo mchai umelifanya kuwa tabia: ni mmea unaojilimbikizia floridi kwa namna ya pekee, na majani yake makuukuu ndiyo yenye nyingi zaidi. Kikombe cha chai ya rangi, hata kikichemshwa kwa maji safi, huweza kuwa na miligramu 1 hadi 5 kwa lita kutoka kwenye majani tu. Mtu wa Maji ya Chai anayekunywa chai ya rangi kwa maji ya Maji ya Chai amejipiga mara mbili.

Udongo nao una neno. Ukimwagilia maji ya kisima kama chetu mwaka hadi mwaka, floridi haipotei. Sehemu kubwa hushikwa na udongo wa juu, huko huko mizizi ya mboga inakocheza. Udongo wenye kalisi huishika kwa nguvu. Udongo wenye magadi, ule unaotoa ukungu mweupe kiangazi, huiachia ielee kwenye maji ya udongo. Hata mbolea za fosfeti huja na kiasi chake, kwa sababu miamba inayotengenezewa ina floridi ya asilimia 2 hadi 4. Halafu kuna vumbi. Kwetu vumbi ni la volkano, na Agosti linakaa juu ya mchicha kama unga. Kuosha mboga kunaondoa vumbi. Kilichoingia ndani ya jani hakioshwi.

Si mimi niliyeanza kuliwaza hili, ni wazi. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru imekuwa ikihangaika na floridi kwa miaka, na kati ya 2016 na 2019 ulikuwepo mradi wa Umoja wa Ulaya ulioitwa FLOWERED, uliofanya kazi Ethiopia, Kenya na huku kwetu, ukiangalia maji na pia mazao na mifugo. Wataalamu wanajua. Ila elimu iliyoshuka hadi mlango wa jiko la mama ilikuwa ya glasi tu: usinywe. Neno "kula" halikuwepo kwenye mabango yale ya darasa la sita.

Jumamosi ni gulio Tengeru. Nilimsindikiza mama mwaka jana na magunia mawili ya mboga, tukapanda Hiace saa kumi na moja alfajiri. Mama amekaa sehemu ile ile tangu sijaenda shule. Karibu saa tatu akaja mama mmoja wa makamo, kitenge kizuri, akainua fungu la mnafu akaligeuza.

"Shikamoo mama. Hizi za wapi?"

"Marahaba mwanangu. Za hapa hapa."

"Hapa wapi? Si za Maji ya Chai?"

Mama akanyamaza kidogo. Jirani yake wa kushoto, ambaye najua kabisa shamba lake liko chini ya kwetu, akadakia, "Njoo huku dada, zangu za juu, za msituni." Yule mama akahama. Alinunua mafungu sita.

Njiani kurudi mama hakusema kitu hadi Usa River. Kisha akasema, "Nikisema kweli nalala na mboga. Nikidanganya nalala vizuri." Sikuwa na jibu, na sijalipata. Sitaki makala hii isomwe kama orodha ya vijiji vya kususiwa. Nikifikiria Ngarenanyuki, watu walifukuzwa kwenye ardhi ile mwaka 1951, nyumba zikachomwa, na Kirilo Japhet akasafiri hadi New York mwaka uliofuata kulifikisha shauri la Wameru Umoja wa Mataifa. Leo nyanya na vitunguu vya huko vinalisha miji, vikimwagiliwa na mto wenye floridi. Nani ana uso wa kumwambia mkulima yule aache? Na nyanya, kama nilivyosema, ni tunda. Ukitaka kuogopa kitu, usianze na nyanya.

Nikakaa chini na kalamu, nijue nianze na kipi. Nilifanya hesabu hii mbele ya mama, kwenye kalenda ya duka ya mwaka uliopita, na naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyobadilisha jiko letu.

Bomba letu, mara ya mwisho nilipolipima, lilikuwa na miligramu 5 kwa lita. Chukua makande ya Jumapili. Mama anaanza na lita 3, maji yanakauka, anaongeza lita 1. Hizo ni miligramu 20. Mvuke umeondoka, moshi umeondoka, floridi haijaenda popote. Kuchemsha huua vijidudu lakini floridi hukolea. Kila punje ya mahindi na haragwe imevimba kwa maji hayo. Mtoto akila sehemu moja ya kumi ya sufuria, amepata miligramu 2. Mpaka uliowekwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1997 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni miligramu 1.3 kwa siku nzima. Hajanywa chochote bado. Dumu la bluu limesimama pale pale, safi, halijaguswa.

Sasa mchicha. Majani ya kawaida, yakikaushwa, huwa na chini ya miligramu 10 kwa kilo. Tuchukue makusudi namba mbaya, tuseme ya kwetu yamefika 50. Nusu kilo ya mchicha mbichi ikikauka haibaki zaidi ya gramu 50, maana mchicha ni maji matupu. Gramu 50 zina miligramu 2.5 kwa sufuria zima. Na nusu lita ya maji ya bomba anayotia mama ili mboga isiungue? Nayo ni miligramu 2.5. Sawa kwa sawa. Tena ile iliyo ndani ya chakula mwili hauinyonyi yote kama ya maji matupu. Mama akatazama kalenda, akasema, "Kwa hiyo maji ya kupikia ndiyo mwizi, mchicha ni mpokea mali." Nimesoma ripoti nyingi ambazo hazijafika mbali kiasi hicho.

Lakini mpokea mali naye anashtakiwa. Maji ya kupikia unaweza kuyabadilisha kesho ukiwa na fedha. Udongo uliomwagiliwa miaka kumi hauubadilishi kwa dumu.

Halafu kuna magadi, na hapa nitakaa kidogo.

Magadi yanauzwa Tengeru kwa mafungu madogo, kijivu au nyeupe chafu, pembeni ya chumvi na dagaa. Yanatoka upande wa Ziwa Natron, au yanafagiliwa kwenye uso wa udongo kiangazi. Kijiko kimoja kinalainisha ganda la haragwe na hindi kwa nusu ya muda, na mboga ya majani inabaki kijani kibichi. Hakuna mwanamke wa kwetu anayetumia magadi kwa ushamba. Anatumia kwa sababu mkaa ni ghali. Shida ni kwamba magadi yanabeba floridi, kiasi kinachotofautiana sana fungu kwa fungu, mengine mengi mno, na hakuna anayejua fungu lake ni lipi. Watafiti wa meno waliwahi kushangaa kukuta watoto wa kaskazini wenye meno ya kahawia katika maeneo ambayo maji yake hayana floridi ya kutisha, na njia ikawapeleka jikoni, kwenye magadi.

Chakula kinachoniuma hasa ni kiburu. Ndizi na maharage, vinapikwa pamoja hadi vilainike, vinapondwa. Kwetu ni chakula cha kwanza cha mtoto, na ili maharage yapondeke vizuri kwa fizi zisizo na meno, unatia magadi. Fikiria mpangilio wake. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno, hata mama mwenyewe akiwa anakunywa maji mabaya. Mwili wa mama unachuja. Ng'ombe naye vile vile, maziwa yake hubaki safi, floridi anaihifadhi mifupani. Mtoto amelindwa miezi sita bila mtu yeyote kujua kwamba anamlinda. Kisha siku moja, kwa upendo, tunampa kijiko cha kwanza cha kiburu kilichopikwa kwa dumu la njano na kutiwa magadi, wakati ule ule ambao meno yake ya mbele ya ukubwani yanaanza kufinyangwa ndani ya ufizi.

Tumejaribu mengi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, cha Wizara ya Maji, hakiko mbali na kwetu, na ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza mkaa wa mifupa ukifanya kazi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru yenye hewa kidogo, inasagwa iwe punje nyeusi, na maji yakipita katikati yake floridi inanasa, kwa kuwa mfupa mfu una hamu nayo kama mfupa hai. Ni jambo zuri. Kabla ya hapo watu wa mradi mmoja walikuwa wametuletea ndoo za namna hiyo, nyumba 12 kwenye kitongoji chetu. Wiki ya kwanza maji yalinuka nywele zilizoungua, baadaye yakawa matamu. Hatukuambiwa, au tuliambiwa siku ya sherehe kukiwa na muziki, kwamba punje zikishajaa haziondoi tena kitu na lazima zibadilishwe. Mradi ukaisha. Mama alichuja maji kwa miaka mitatu kupitia ndoo iliyokwishakufa, akiyamimina kwenye dumu la bluu kwa moyo mweupe. Ndoo sasa ina mbegu za malenge.

Mwaka huu mambo yamekaa hivi. Tuliuza mbuzi wawili tukaongeza simtanki la pili, na maji ya mvua sasa yanapikia pia, makande na maharage kwanza, ugali baadaye, kwa kuwa ndivyo vinavyokula maji mengi. Maharage yanalowekwa usiku kucha na maji ya kulowekea yanamwagwa. Mkaa unaolika ni zaidi kidogo ya enzi za magadi, si mara mbili kama mama alivyoapa. Loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, imebaki kama ilivyokuwa, na nafurahi, kwa sababu kalisi ya maziwa mgando inaishika floridi tumboni isinyonywe yote. Kisima tunakitumia kwa kufua, kusafisha na kumwagilia migomba na mahindi ya kiangazi. Bustani ya majani inakula mvua na maji ya mfereji wa juu, zamu yetu Jumanne na Ijumaa usiku, na zamu ikipita mama anaacha mchicha upungue. Udongo wa zamani bado uko pale. Tunauwekea samadi na chokaa ya kilimo, tunachuma majani machanga, tunayaosha vumbi. Hiyo ndiyo silaha yote tuliyonayo, na sidhani inatosha. Sijaacha kula mnafu wa mama. Mtu anayeacha mboga za majani kwa hofu hii amekimbia siafu akaingia mzinga.

Gulioni amebadilisha jibu. Akiulizwa za wapi, anasema, "Za Maji ya Chai, za maji ya mvua." Wengine wanapita. Jirani yake wa kushoto bado ni wa msituni.

Mpwa wangu ana miaka sita na nusu. Dada yangu alimwacha kwa bibi yake akiwa na miezi saba, kazi zilimshika mjini, na akalelewa kwa kiburu, dumu la njano na yale mafungu ya kijivu, kabla sijakokotoa chochote kwenye kalenda yoyote. Jumapili iliyopita alikuja mbio jikoni akiwa na jino la juu kiganjani, la kwanza la mbele kung'oka, akitaka tumwone akilirusha juu ya bati. Jino lilikuwa jeupe kama maziwa. Ya utotoni mara nyingi huwa hivyo. La ukubwani limeshamaliza kutengenezwa muda mrefu, liko ndani tayari, na lolote tunalofanya sasa na matenki yetu halitalifikia.

Alirusha, likagonga bati, likateleza, likakaa. Mama akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, akachungulia pengo kwa muda mrefu. "Bado," akasema. Kisha akaenda kuongeza maji kwenye maharage.